Doa Lililogoma Kutoka

Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye ni shemeji yangu. Alinipa sharti moja tu: nisitaje jina lake wala mtaa wake. Basi nitamwita Shemeji, kama ninavyomwita siku zote. Na kabla sijaanza, nikiri kwamba mimi nilikuwepo. Siku tatu kabla ya moto nilikaa kwenye benchi la fremu yake nikinywa chai, na dalili karibu zote nitakazozitaja zilikuwa mbele ya pua yangu. Msinichukulie kama mwalimu mwenye chaki mkononi. Naandika kama mtu aliyekuwa darasani akasinzia.

Shemeji ni dobi, hapa Dar es Salaam. Alianza na mabeseni mawili na kamba ya uani, akajikongoja hadi akapata fremu yenye mashine mbili za kufulia na moja ya kukaushia, mtumba, aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara. Kazi zake zilikuwa suti, mashuka na sare za shule. Halafu akapata mteja ambaye kila dobi anamwomba Mungu ampe: mgahawa wa kuku na chipsi. Makoti meupe ya wapishi, aproni, vitambaa vya kushikia sufuria na vya kufutia meza, kila siku mzigo, na kila Jumamosi malipo, taslimu.

Aliyewahi kusimama kwenye jiko la chipsi anazijua nguo zake. Aproni inapofika kwa dobi, doa halijakaa mahali pamoja. Limetanda kuanzia tumboni hadi magotini, na ukipitisha kucha inatoka na kitu kama nta. Mfukoni ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mpishi hujifutia vidole pale mara mia kwa siku. Shemeji alizifua kwa sabuni ileile ya unga anayofulia mashuka. Zikatoka zina madoa yake. Meneja akapiga simu: "Bwana dobi, hizi umefua au umezilowesha tu?"

Neno hilo lilimuuma. Akaanza kutia jiki. Wiki hiyohiyo madoa ya kahawia yakawa ya manjano ya mbali, makoti yakang'aa, meneja akanyamaza. Shemeji akaamini amepata dawa. Na mimi ningeamini vilevile, kwa sababu macho ndiyo yanayotuambia nguo imetakata. Lakini jiki inashughulika na rangi. Mafuta haiyatoi. Kilichokuwa ndani ya nyuzi kilibaki humohumo, tofauti ni kwamba sasa hakuna aliyekiona.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa nini mafuta ya kupikia yanakuwa sugu, maana ugumu wa doa na moto uliokuja baadaye vimetoka kwenye tumbo moja.

Tazama upande wa nje wa kikaango chako cha zamani. Kuna utando wa kahawia unaonata, umeshindikana kwa sabuni na kwa waya wa kusugulia. Utando ule ulikuwa mafuta, yakageuka. Mafuta ya mimea, hasa alizeti na soya, yanapokutana na hewa, tena kukiwa na joto, huivuta oksijeni, na chembechembe zake huanza kushikana hadi kitu kilichokuwa kinatiririka kinakuwa gundi. Mafundi wa rangi wanaishi kwa tabia hiyo. Rangi ya mafuta haikauki kama kanga kambani, kwa kupoteza maji. Inakauka kwa kula hewa. Ndiyo maana doa la mafuta la jana linatoka kirahisi, na la mwezi uliopita, lililopigwa pasi mara nne, linagoma.

Ambalo sisi hatukulijua ni hili: mafuta yanapokula hewa namna hiyo, yanatoa joto. Ni joto dogo. Aproni ikiwa imetandazwa kambani, upepo unalichukua na wala hutalihisi. Lakini zirundike aproni hamsini pamoja, joto la iliyo katikati litatokea wapi? Nguo ni blanketi. Joto linabaki ndani, linayafanya mafuta yale hewa kwa kasi zaidi, kasi inaleta joto jingine, na mchezo unaendelea hivyo kwa saa kadhaa bila mtu kupiga kiberiti. Na kama nguo zilirundikwa zikiwa tayari za moto, safari imeshafika nusu kabla haijaanza.

Sio mafuta yote yenye tabia hii kwa kiwango kimoja. Ya nazi karibu hayana. Ya mawese yana kidogo. Alizeti na soya yanayo sana, na ya kitani, yale ya kupakia mbao, ndiyo baba yao. Mgahawa ule ulikuwa umehama kutoka mawese kwenda alizeti miezi michache nyuma, na Shemeji anakumbuka kwamba ni kipindi hicho nguo zilipoanza kunata. Alidhani wapishi wamezidi uchafu.

Sasa dalili.

Ya kwanza ilikuwa harufu. Nguo iliyofuliwa ikanukia vizuri hainisumbui, na iliyofuliwa isinuke kitu ndiyo bora zaidi. Makoti yale yalitoka kwenye mashine ya kukaushia yakiwa na harufu ya mafuta ya zamani, ile ya chupa iliyosahaulika nyuma ya kabati, ikichanganyika na kitu kama rangi mbichi. Mimi mwenyewe niliisikia siku ile ya chai. Nikamtania: "Shemeji, hapa unafua au unakaanga?" Tukacheka, tukaendelea na habari za Simba na Yanga.

Ya pili ilikuwa maji. Binti anayepiga pasi alizoea kunyunyiza maji kwenye koti kabla ya kulinyoosha. Kwenye sare za shule maji yalizama. Kwenye makoti ya mgahawa yalisimama juu kama umande kwenye jani la mgomba, yakateremka. Nguo inayokataa maji bado ina mafuta, hilo halihitaji maabara. Binti aliona kila siku, na aliona ni jambo la kawaida kwa kuwa lilitokea kila siku.

Ya tatu ni hii inayonikaa moyoni. Alhamisi moja asubuhi, akifungua tenga la nguo zilizokaushwa usiku, aliikuta aproni ya katikati imeungua kwenye mikunjo. Haikutoboka. Ilikuwa na mistari ya kahawia, kama slesi ya mkate iliyosahaulika juu ya jiko. Akampelekea Shemeji. Shemeji akaitazama, akauliza nani ameiunguza kwa pasi. Binti akaapa kwamba hajaipiga pasi, ndiyo kwanza imetoka kwenye tenga. Na akaongeza: "Halafu bosi, nguo za katikati bado zina joto." Tangu saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, saa kumi na moja nzima, na bado zina joto!

Shemeji akamkata elfu tano kwenye mshahara kwa kuunguza mali ya mteja.

Namuonea huruma Shemeji ninapoandika hapa, maana si mtu mkatili. Alikuwa na maelezo yaliyo karibu: kuna pasi, kuna binti wa pasi, kuna alama ya kuungua. Akili inapopata maelezo ya karibu huwa haitafuti ya mbali. Lakini ile aproni ilikuwa imemwandikia barua, na aliyemletea barua ndiye aliyelipishwa.

Ikaingia masika. Kamba za uani hazikuwa na kazi tena, kila kitu kikawa kinapita kwenye mashine ya kukaushia, na uniti za LUKU zikawa zinayeyuka kama barafu. Mashine ile, kama nyingi za aina yake, ikikaribia kumaliza huzima moto na kuendelea kuzungusha nguo kwenye hewa ya kawaida kwa dakika kadhaa. Shemeji aliona dakika zile ni umeme wa bure unaopotea. Nguo si zimeshakauka? Akawa anaifungua kabla haijamaliza, anatoa nguo zikiwa za moto kiasi cha kubadilisha mkono. Kumbe dakika zile ndizo zilizokuwa zikizipoza.

Jumamosi hiyo mgahawa ulileta mzigo mara mbili, kwa sababu kulikuwa na shughuli kubwa, na ulitaka nguo Jumapili alfajiri. Awamu ya mwisho ilitoka saa tatu usiku. Nguo zilijaza matenga mawili ya plastiki. Hazikutosha, akazishindilia kwa goti. Akafunika kila tenga kwa shuka ili vumbi lisiingie. Akazima taa, akafunga mlango wa chuma, akaenda nyumbani akiwa amechoka na ameridhika. Kijana wa kazi, ambaye kwa kawaida hulala humo dukani, usiku huo alikuwa ameomba ruhusa kwenda Mbagala kwa dada yake. Hilo nalitaja nikishukuru.

Saa nane kasoro mlinzi wa duka la jirani alisikia harufu, akadhani kuna mtu anachoma takataka. Baada ya muda akaona moshi ukitambaa chini ya mlango. Majirani wakaja na ndoo, mmoja akavunja kufuli, na mlango ulipofunguka hewa iliingia na moto uliokuwa umejikunyata ukasimama. Walioshuhudia wanasema ulitoa sauti kama shuka linalokung'utwa. Zimamoto walifika na kuudhibiti usiende kwenye fremu za pembeni. Ya Shemeji ilikuwa imekwisha: mashine ya kukaushia, meza ya pasi, sare za shule, na suti ya bwana harusi aliyekuwa anaoa mchana wa siku hiyohiyo. Hiyo suti ilimtesa kuliko mashine.

Asubuhi kila mtu alikuwa na sababu yake. Hitilafu ya umeme, wakasema wengi, kwa kuwa kwetu moto ukishindwa kuelezwa unapewa umeme. Wengine wakashusha sauti: kuna mkono wa mtu. Dobi mwingine alikuwa amefungua duka ng'ambo ya barabara miezi miwili kabla, na Shemeji, akiwa ameshika kichwa, alikuwa tayari kulitaja jina lake.

Aliyemwokoa na dhambi hiyo ni askari mmoja wa zimamoto aliyebaki akipekua. Tenga la kwanza lilikuwa limeyeyuka na yote yaliyomo. Lile la pili, lililokuwa nyuma ya ukuta wa choo, moto wa wazi haukulifikia. Askari aliinua shuka la juu. Nguo za juu zilikuwa na rangi yake, zimelowa tu. Akatoa za pili, za tatu. Zikaanza kuwa za kahawia. Alipofika katikati mkono wake ulitoka na kitu cheusi kinachovunjika kama karatasi ya kaboni. Moto wa kutoka nje huanza kula nje. Huu ulikuwa umeanzia moyoni mwa rundo.

"Hizi ni nguo za jikoni?" akauliza.

"Ndiyo, afande."

"Ulizitoa kwenye mashine zikiwa za moto?"

"Ndiyo."

"Ukazikandamiza humu?"

Shemeji akanyamaza.

"Basi mkono wa mtu tumeupata," askari akasema, bila kejeli, akaendelea na kazi yake.

Nilipoambiwa hayo sikuyaamini, nikaenda kusoma. Nilichokikuta kilinifunga mdomo. Jumamosi, tarehe 23 Februari 1991, katika jiji la Philadelphia nchini Marekani, jengo la ghorofa 38 liitwalo One Meridian Plaza lilishika moto kuanzia ghorofa ya 22. Chanzo kilikuwa vitambaa. Mafundi waliokuwa wakipaka mafuta ya kitani kwenye mbao za ukutani waliviacha vitambaa vyao vikiwa vimelowa mafuta, wakaondoka. Moto uliwaka kwa takribani saa 19, ukapanda ghorofa hadi ghorofa, na ukaja kusimama ghorofa ya 30 ulipokutana na mabomba ya kunyunyiza maji yenyewe. Askari watatu wa zimamoto walikufa. Sasa fikiria: kama vitambaa vya mafundi vinaweza kuunguza jengo la aina hiyo, fremu yetu ya bati na tofali ni nini?

Shemeji amerudi kazini, na nguo za jikoni bado anafua, ila amebadili mwendo. Aproni ikifika haiingii majini kwanza. Anamimina sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa kavu, anasugua, anaacha nusu saa, kwa kuwa sabuni ile imetengenezwa kushika mafuta na inayashika vizuri zaidi kabla maji hayajajaza nyuzi. Doa bichi analipaka kwanza unga wa mahindi au poda ili linyonywe. Kisha maji ya moto, kadiri kitambaa kinavyoruhusu, pamoja na magadi, dawa ya bibi zetu. Magadi hukata mafuta na baadhi yake huyageuza kuwa sabuni. Makoti ya poliesta yanampa shida kuliko ya pamba, kwa maana poliesta huyapenda mafuta, na hayo huyarudia mara mbili. Halafu anafanya jaribio la binti: nguo ikikauka kwenye hewa, tone moja la maji juu ya doa. Likizama, nguo inaruhusiwa kwenda kwenye joto. Likisimama, inarudi beseni. Hakuna pasi wala mashine juu ya doa lililobaki, kwa sababu joto ndilo linaloligeuza kuwa gundi. Na zile zilizokwishashindikana anamrudishia mteja waziwazi. Kumpoteza mteja kwa ukweli ni nafuu.

Kuna aliyemshauri atumie petroli. Ni kweli petroli inayeyusha mafuta, na ni kweli wapo wanaoitumia. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa sakafuni hadi uikute pasi ya mkaa au jiko la jirani. Usiiguse. Na jiki usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali wala siki ukidhani unaongeza nguvu. Unachoongeza ni gesi ya klorini, na chumba cha kufulia hakina madirisha ya kutosha kwa gesi hiyo.

Utasema mimi si dobi, haya yananihusu nini. Nilisema hivyo hivyo, kisha nikaingia jikoni kwangu. Nyumba ya kawaida ina vitambaa vitano sita, rundo lake ni dogo na hatari yake ni ndogo, hilo nakubali. Lakini ilipokuwa harusi ya binti wa dada yangu tulikaanga sambusa na maandazi usiku kucha, na alfajiri tulikusanya vitambaa vyote vilivyolowa mafuta, zaidi ya thelathini, tukavijaza kwenye kiroba, tukakifunga kamba, tukakisukuma chini ya ngazi, ambako watoto walikuwa wamelala upande wa pili wa ukuta. Kilikaa pale siku mbili. Mimi ndiye niliyekifunga. Kilichotukinga nadhani ni kwamba vilikuwa vimelowa maji pia. Sikujua, na kutojua kwangu hakukuwa na tofauti yoyote na kwa Shemeji, isipokuwa matokeo. Wenye migahawa, wanaopika futari ya biashara mwezi wa Ramadhani, wapishi wa shughuli, wenye shule za bweni: rundo lenu ni kubwa kuliko letu. Vitambaa vya mafuta vinavyosubiri kufuliwa vitandazeni, au viwekeni kwenye ndoo ya chuma yenye maji na mfuniko.

Binti wa pasi alirudishiwa elfu tano yake, na maneno ya kuomba radhi ambayo Shemeji anasema yalikuwa magumu kutoka kuliko doa. Siku hizi ndiye anayefunga duka, na hafungi kabla ya kufanya jambo moja, ambalo nakuomba na wewe ulifanye usiku wa leo kama una nguo za jikoni zilizorundikana mahali. Ingiza mkono katikati ya rundo, usiishie juu. Ukikuta joto, mwaga nguo zote chini, zitandaze, na usiondoke hadi zipoe. Ukikuta moshi, usilifukue rundo. Toa watu nje kwanza, na kwa hapa Tanzania piga 114.